Kitufe cha Nimesahau

"Shikamoo, Mzee Mwasomola," ilisema mashine.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, Mzee. Umeamkaje?"

"Salama kabisa."

Hivyo ndivyo siku ilivyoanza katika nyumba ya kadi ya mji wa Isongola, umande ukiwa bado haujakauka kwenye migomba. Mzee Ambilikile Mwasomola alivuta kiti chake, akaweka ubao wake wa vitufe mapajani, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kuhutubia. Kiti kilikuwa cha mninga, chenye mgongo mrefu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Kilikuwa kiti cha Mhifadhi Mkuu wa Bwawa. Wahifadhi wengine walikaa kwenye mabenchi nyuma yake, wakinywa chai ya tangawizi na kungoja zamu zao.

Kadi ya kwanza ikajitokeza kwenye kioo. Mnyororo wa mlango wa tano ukikwama, unaanza kulegeza upande gani? Mzee hakuhitaji hata kumaliza kuisoma.

"Upande wa mlima."

"Sahihi. Umekumbukaje, Mzee?"

Akabonyeza kitufe cha mwisho, Kirahisi. Kadi ikaondoka kama ndege, nayo isingerudi mbele yake mpaka msimu wa mahindi upite.

Zikaja nyingine, akazijibu. Ikaja moja yenye ukingo wa njano, rangi ya kadi za hatari: maji yamefika jiwe jekundu na kijito cha mashariki kimefurika. Mlango gani kwanza, na kiasi gani?

Mzee alifungua mdomo. Jibu halikuwepo pale alipozoea kulikuta. Alisikia nyuma yake mtu akipuliza chai. Akatazama dirishani, akatazama vidole vyake.

"Wa... wa nne," alisema. "Nusu."

"Sahihi. Umekumbukaje, Mzee?"

"Vizuri," akajibu, na kidole kikabonyeza kitufe cha tatu hata kabla neno halijamtoka lote. Kadi ya njano ikaenda zake, safari ya miezi mingi.

Kwenye benchi la karibu na mlango, mama mmoja wa makamo aitwaye Subilaga alikuwa ameacha kunywa chai. Alikitazama kidole cha Mzee, kisha akayashusha macho.

Zamu yake ilipofika, mashine ilimwamkia, naye akaitikia kwa adabu zote. Lakini kadi ya kwanza tu, akasema, "Hii nimeisahau," akabonyeza kitufe cha kwanza. Kadi ya tatu, tena. Ya tano ilimjia, ila alitikisa kichwa, akabonyeza Kwa Shida.

"Subilaga!" Mzee Mwakatundu akamwita kutoka benchi la mbele. Huyu alikuwa wa pili kwa alama baada ya Mwasomola, mwenye sauti nzito na tumbo la kuiunga mkono. "Kadi zako zinarudi nyumbani kila siku kama kuku jioni. Huzichoki?"

"Zinanipenda, baba," alisema Subilaga. Watu wakacheka, na Mzee Mwasomola naye akacheka, akafurahi kupata cha kucheka.

*

Watoto waliozaliwa baada ya jua kubadilika tabia hawaoni ajabu katika haya. Kwao jua ni kitu kinachochafuka mara kadhaa kwa mwaka, na likichafuka, kila chenye waya kinalala: taa, simu, mitambo ya milango, hata saa ya ukutani. Giza la vyombo hudumu nusu siku, pengine siku nzima. Katika muda huo mji hauna kingine cha kutegemea ila mikono ya watu na yaliyomo vichwani mwao.

Hapo mwanzo waliandika maagizo vitabuni. Kisha mwaka mmoja jua lilichafuka katikati ya masika, na mtu wa zamu alisimama ukutani akifunua kurasa zilizolowa, zinazong'ang'aniana, huku maji yakipanda. Alipoupata ukurasa, nyumba za chini zilikuwa zimekwisha kwenda. Ndipo ikawekwa sheria ya Wahifadhi. Hospitali ina wao, stesheni ya reli ina wao, na bwawa lina wao. Maagizo yote yakagawanywa katika kadi, na mashine ikapewa kazi ya kuzizungusha. Kadi unayoikumbuka vyema inapelekwa mbali. Unayoisahau inarudi kesho. Kwa namna hiyo kichwa hakichoshwi na yale kinachoyajua, na kinapata muda wa kutosha kwa yale yanayokitoroka.

Mashine ilisikia jibu, na ilijua kama ni sahihi. Ila haikuweza kujua jibu limetoka wapi: kama limekuja lenyewe, au limevutwa kama ndoo kutoka kisima kirefu, au limebahatishwa tu. Hilo alilijua mwenye kichwa peke yake. Ndiyo maana baada ya kila kadi iliuliza.

Mzee Mwasomola ndiye aliyekuwa na kadi zilizokwenda mbali kuliko za wote, na jambo hilo alilipenda kuliko alivyokiri. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye ndevu, katika darasa la jioni, baada ya kupakia magunia ya chai kutwa nzima. Aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao, akazitamka silabi mbele ya mwalimu ambaye alikuwa mdogo kwake. Kutoka kwenye dawati lile hadi kiti cha mninga palikuwa mbali, na alifika kwa miguu yake mwenyewe. Watu walipompisha njiani hawakumpisha kwa sababu ya mvi.

*

Fundi alikuja siku ya soko. Alikuwa mwanamke wa Tanga, jina lake Saumu, mwembamba, mwenye mkoba wa bisibisi na maneno ya taratibu. Aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja, akaikagua mashine mpaka chai ikapoa, kisha akaomba aletewe mbao za vitufe za Wahifadhi wote.

"Umekuja kutupa cheti?" aliuliza Mwakatundu. "Maana tumesikia alama zetu hazina mfano."

"Ni kweli, baba. Hakuna bwawa lenye alama nzuri kama zenu."

"Mnasikia?" Mwakatundu akawageukia wenzake.

"Na hakuna bwawa ambalo milango yake huchelewa kufunguliwa kama lenu," aliendelea fundi. "Mwaka jana mlifungua wa sita mahali pa wa tatu. Bahati yenu ilikuwa kiangazi. Ndiyo maana nimetumwa."

Fundi alizipanga mbao mezani, moja kando ya nyingine, akawaita wasogee.

"Tazameni kitufe cha Vizuri."

Katika kila ubao maandishi ya Vizuri yalikuwa yamefutika kwa kubonyezwa. Palibaki doa jeupe, laini kama kokoto ya mtoni.

"Sasa tazameni hiki cha kwanza."

Vitufe vya Nimesahau viling'aa kama vilivyotoka kiwandani. Kimoja kilikuwa bado na utando wa plastiki wa kukikinga, na huo ulikuwa ubao wa Mzee Mwasomola. Ubao mmoja tu ndio uliokuwa na kitufe cha kwanza kilichochakaa.

"Wa Subilaga huo," mtu akasema. "Kichwa chujio." Wakacheka.

Fundi hakucheka. "Mashine ilipoletwa hapa ilikuwa bubu. Mliikataa. Mlisema haiwezekani kitu kiwaulize wazee maswali asubuhi bila hata kuwaamkia. Tukaona mna haki, tukaitia sauti, tukaifundisha adabu. Tangu siku ile hakuna aliyesahau kitu Isongola. Niambieni, wazee wangu: mtu akikuamkia, akakuita Mzee, akakuuliza umekumbukaje, unamjibu nini?"

"Vizuri," wakajibu watatu kwa pamoja.

Wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikatika njiani, kila mmoja akabaki akimtazama mwenzake.

"Wa miji mingine nao hujibu kama tunavyojibu sisi?" aliuliza Mzee Mwasomola.

"Kuna miji ambayo watu huanza kulalamika hata kabla hawajaulizwa, baba. Kadi zao zinawatesa, lakini milango yao inafunguka." Fundi akafunga mkoba. "Naweza kuinyamazisha."

"Mashine isiyosalimia hatuitaki," alisema Mwakatundu. "Tulisema siku ile, na leo tunasema."

"Basi kazi yangu imeisha. Kitufe kinabonyezwa na mwenyewe, hakuna bisibisi ya kufika huko." Akajitwika mkoba begani. "Ila wachunguzi wanasema jua litachafuka kabla masika hayajakatika. Si mbali."

Mlangoni alisimama karibu na Mzee Mwasomola, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, wewe unazikumbuka kweli?"

"Vizuri, mwanangu," alisema Mzee, na alipokwisha kusema ndipo alipolisikia swali.

*

Nyumbani alimkuta mkewe, Bi Tusajigwe, amekaa barazani akichambua maharage, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda.

"Goti likoje?" aliuliza Mzee, akivua viatu.

"Zuri tu."

"Zuri, na kila usiku unalikanda kwa mafuta?"

"Ulitaka nikujibuje?" Bi Tusajigwe hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Unaniuliza ukiwa umeinamia viatu. Mtu anayetaka habari za goti huliangalia goti."

"Kwa hiyo linauma."

"Linauma tangu mavuno. Kila siku umeniuliza, kila siku nimekujibu zuri, na kila siku umeridhika. Wewe umekula kwa raha, mimi nimepata amani. Kuna tatizo?"

Mzee alivivaa tena viatu.

"Na sasa unakwenda wapi?"

"Kunyoosha miguu."

Alipanda mpaka bwawani. Mvua ilikuwa imepumzika, na ukungu ulikuwa umekaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Chini ya ukungu ule kulikuwa na Isongola Chini, nyumba na shule na ghala la viazi, na watu ambao hawakuwa na sababu ya kumfikiria yeye siku ile. Alitembea juu ya ukuta, akayapita magurudumu ya milango, akasimama juu ya jiwe jekundu. Kisha akajiuliza mwenyewe, kwa sauti, kama mashine inavyouliza: maji yamefika hapa, na kijito cha mashariki kimefurika. Mlango gani kwanza?

Aliikumbuka kadi. Aliukumbuka ukingo wake wa njano, na harufu ya tangawizi asubuhi ile, na sauti ikisema sahihi. Mlango hakuukumbuka. Alipapasa kichwani mwake kama mtu anayepapasa ukuta gizani akijua kwa hakika kwamba kitasa kilikuwa hapa, hapa hasa, na mkono unapita mahali palipo laini.

Hakuweza kukisia kwa akili. Mifereji ya milango ilipita chini ya mwamba, haikuonekana, na wahandisi walioijenga walikuwa wamekwisha kufa zamani. Walichokijua wao kilibaki ndani ya kadi.

Akajaribu kadi nyingine. Ikaja. Akajaribu nyingine, ikaja nusu. Akajaribu ya mlango wa sita ukiwa na kutu: hakuna kitu. Akaketi juu ya ukuta wenye majimaji bila kujali suruali.

Sheria ilikuwa wazi. Mhifadhi Mkuu akisahau kadi ya njano, anaondoka kitini mpaka kadi hiyo ikomae tena. Kiti kinamwendea anayefuata kwa alama, na anayefuata alikuwa Mwakatundu. Mzee Mwasomola alimjua Mwakatundu tangu ujana. Alikuwa mtu mwema, mwenye kukopesha jembe bila kuuliza litarudi lini, na katika maisha yake hakuwahi kusema sijui hata alipoulizwa njia ya mahali asipopajua. Kitufe chake cha kwanza nacho kiling'aa.

Basi akisema kweli, watu wa chini watakuwa mikononi mwa Mwakatundu. Akinyamaza, watakuwa mikononi mwa mtu mwenye matundu kichwani. Angeweza kuikariri kadi moja ile kwa siri, asimwambie yeyote. Lakini zile nyingine je? Zilikuwa zimetawanyika huko mbali, alikozipeleka yeye mwenyewe kwa kidole chake, na hakujua ni zipi zilizo hai na zipi zilizokufa.

Alikaa pale mpaka ukungu ukampanda magotini.

*

"Shikamoo, Mzee Mwasomola. Umeamkaje?"

"Marahaba. Nionyeshe kadi ya njano, ya kijito cha mashariki."

"Kadi hiyo si ya leo, Mzee. Bado muda wake."

"Nionyeshe."

Kadi ikaja. Mzee aliisoma yote kwa sauti, hadi neno la mwisho, kisha akasema, "Sijui." Mashine ikaonyesha jibu: wa nne, nusu, maji yakitulia, wa pili. Ikauliza kama kawaida yake, "Umekumbukaje, Mzee?"

Akaubandua utando wa plastiki kwa ukucha. Kitufe kilikuwa kigumu, ikabidi akikandamize kwa kidole gumba.

Mashine haikuleta kadi nyingine. "Samahani, Mzee. Nadhani kidole kimeteleza. Nirekebishe?"

"Hakikuteleza."

"Si vibaya, Mzee. Hutokea. Niweke Vizuri?"

"Nimesema hakikuteleza!" Akakibonyeza tena, na sauti ya kitufe ilisikika chumba kizima. Kisha akainuka, akageuka, na kwa mara ya kwanza akawatazama wenzake akiwa upande wao wa kiti.

"Mmeona. Na si hiyo moja. Sijui ni ngapi. Siku ile nilibahatisha, mashine ikasema sahihi, nikajibu vizuri kama ninavyomjibu mtu njiani."

"Ah, Mwasomola," alisema Mwakatundu kwa upole wa kweli. "Uzee ndugu yangu. Si aibu. Utapumzika, kadi itakomaa, utarudi. Kwa sasa nitakushikia."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Kiti kisije kwako. Wala kisiende kwa yeyote kwa kufuata alama. Alama zetu ni salamu tu." Akanyoosha mkono kuelekea benchi la karibu na mlango. "Kiende kwa yule."

Zogo likazuka. Mmoja akasema Mzee ameugua. Mwingine akasema Subilaga anaburuta mkia miaka yote. Subilaga mwenyewe ndiye aliyesimama na kupaza sauti kuliko wote.

"Baba, usinifanyie hivyo. Kadi zangu nusu yake ni changa. Nasahau!"

"Unajua ni zipi unazozisahau?"

"Nazijua. Nazikuta hapa kila asubuhi."

"Mimi zangu sizijui. Mwakatundu hazijui zake. Ndiyo tofauti." Akamgeukia rafiki yake. "Mwakatundu, mlango wa sita ukiwa na kutu, unaanzaje?"

"Hilo nalijua vizuri sana," alisema Mwakatundu, na akanyamaza. Watu wakangoja. "Nalijua. Limekwama tu."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Subilaga akasema taratibu, akiwa ameinamisha kichwa, "Unamwaga mafuta kwenye jino la juu, unarudisha nyuma robo, ndipo unazungusha mbele."

Walibishana mpaka chai ikapashwa moto mara ya pili. Mwishowe wakakubali kwamba kwa dhoruba hii moja, kwa sababu muda haupo, Subilaga ndiye atakayeita milango, na kwamba baada yake kila kitu kitazungumzwa upya. Mwakatundu alitoka bila kumuaga Mwasomola. Kiti cha mninga kikabaki kitupu, kwa sababu Subilaga alikataa kukikalia.

Tangu siku hiyo Mzee Mwasomola alikaa benchini. Kila asubuhi mashine ilimwamkia, na kila asubuhi kadi ya njano ilikuwa inamngoja. Alizivuta na nyingine, moja moja, kutoka huko mbali, na nyingi zikarudi nyumbani. Kazi ilikuwa chungu, kama ya mtu anayehesabu meno yake baada ya kuanguka.

*

Baragumu la kuonya kwamba jua linachafuka lililia mchana, wakati mvua imeshaanza. Dakika chache baadaye taa zilififia na kuzimika, na mlio wa mitambo ndani ya ukuta, ambao hakuna aliyeusikia siku nyingine, ulikoma. Watu wakaukosa ndipo wakaujua.

Kila mmoja alikuwa kwenye gurudumu lake. Mwakatundu alipangiwa la kwanza, kwa sababu ya nguvu zake. Mwasomola na kijana wa kumsaidia walikuwa kwenye la nne. Subilaga alisimama katikati ya ukuta, kitenge kimemganda mwilini, mikono kiunoni.

"Wa tano, robo!" aliita. Gurudumu likalia, maji yakanguruma chini. "Wa tatu, robo! Wa tano, ongeza!"

Aliita bila haraka na bila kusita, na pale aliposita alisema, "Ngojeni, inakuja," wakangoja, ikaja. Maji yalipanda, yakasimama, yakapanda tena. Mzee Mwasomola alimsikiliza kama mtu asikilizaye wimbo anaoujua nusu.

Maji yalikuwa yanalamba jiwe jekundu mtu mmoja alipokuja mbio kutoka upande wa mashariki, tope hadi kiunoni.

"Kijito kimefurika! Kimevunja kingo!"

Nyuso zote zikamgeukia Subilaga. Mvua ilimtiririka usoni. Alifumba macho, akayafumbua.

"Hii nimeisahau," alisema. Alisema kwa sauti ileile aliyoitia milango. "Naijua kadi, jibu sina. Nani anayo?"

"Wa kwanza!" alinguruma Mwakatundu, mikono tayari juu ya gurudumu. "Wa kwanza, wote! Ndio mkubwa, utoe maji!"

"Wa nne," alisema Mzee Mwasomola. "Nusu. Kisha wa pili."

"Huyu alisahau mbele yetu sote!" Mwakatundu akapiga kelele. "Subilaga, maji yanapanda!"

Subilaga akaja karibu, akasimama kati yao. Chini ya ukungu Isongola Chini haikuonekana, ila jogoo mmoja aliyechanganyikiwa na kiza alisikika akiwika.

"Baba Mwakatundu," aliuliza, "umeikumbukaje?"

"Kirahisi kabisa!"

"Wewe, baba?"

Mzee Mwasomola alikuwa na jibu moja mdomoni tangu utotoni, limekaa pale kwa ajili ya kila aulizaye. Alilimeza.

"Kwa shida," alisema. "Juzi niliikosa. Jana niliikosa nusu, wa pili niliutaja kwanza. Leo asubuhi nimeipata, lakini nilitoka jasho."

Subilaga alimtazama usoni kwa muda wa pumzi moja.

"Wa nne!" akaita. "Nusu! Baba Mwakatundu, toa mikono."

Mwakatundu alisimama vilevile, mikono juu ya chuma. Kisha akaitoa, akaja kwenye gurudumu la nne, akamsukuma kando yule kijana, na wazee wawili wakazungusha pamoja bila kutazamana. Gurudumu lilikuwa zito. Lilipofika nusu mwamba ulitetemeka chini ya miguu yao, na maji yakapita mahali wasipopaona.

Wakangoja. Maji yakaachia jiwe jekundu, kidogo, kisha zaidi.

"Wa pili," alisema Subilaga.

*

Kabla ya jioni alipanda mtu kutoka Isongola Chini, mlinzi wa ghala la viazi, akasimulia kwamba maji yalifika kwenye kizingiti, yakasimama pale kama mgeni anayepiga hodi, kisha yakarudi nyuma. Kuku wawili tu ndio hawakuonekana. Mwakatundu alimsikiliza hadi mwisho, akakuna shingo.

"Ule wa kwanza," alimwambia Mwasomola, "maji yake yangekwenda wapi?"

"Yangekutana na kijito. Pale pale ghalani."

"Mm." Mwakatundu akatazama viganja vyake. "Kesho nikifika nitakibonyeza kile cha kwanza. Mashine ikiniuliza kama kidole kimeteleza nitaivunja."

"Kibonyeze tena tu. Mara ya pili inakubali."

Mzee Mwasomola alishuka nyumbani taratibu, nguo zimemlowa, akiushikilia mgongo. Vyombo vilikuwa bado vimelala na jikoni palikuwa na mwanga wa moto tu. Bi Tusajigwe aligeuka alipomsikia.

"Umerudi. Za huko?"

Neno lilikuja lenyewe, laini, limechakaa kwa matumizi. Mzee alisimama mlangoni mpaka likapita.

"Mgongo unaniuma," alisema. "Kiti si changu tena, na sidhani kitarudi. Mlango wa nne ulifunguka."

Bi Tusajigwe aliweka mwiko chini. Ni muda mrefu alikuwa hajasikia habari nyingi namna ile kwa siku moja.

"Pole, mume wangu."

Mzee akavuta kigoda, akaketi mbele yake karibu na moto. Hakuvua viatu. Aliliangalia goti la mkewe, akalitazama hasa, kwa utulivu, kama mtu asomaye kadi hadi neno la mwisho.

"Haya," alisema. "Goti likoje?"